Maharage Yaliyoamua Prezida

Wakulima wa kilima kimoja hapa Masisi walikuwa wanamchagua prezida wa shirika lao, nami nilikuwepo. Nyuma ya pazia waliweka sufuria mbili, moja kwa kila mgombea, na kila mwanachama akamwaga kikombe chake cha maharage katika ile aliyoitaka.

Vikombe vilipohesabiwa, mgombea mmoja, mzee tuliyemwita Papa, alishindwa kwa kikombe kimoja tu. Akasimama, amekunja uso.

"Turudilie kuhesabu."

Mama mpishi akanyoosha mwiko kuelekea motoni. "Papa, maharagi yote iko mu sufuria moya. Iko inachemka."

Tukasogea nyuma, maana uchaguzi uliopita uliishia kwa kupigana fimbo. Papa akautazama mvuke, akaketi polepole.

"Basi, mama, usisahau chumvi."

Tangu siku hiyo, nikisikia wabunge wanagombania matokeo, najiuliza ni nani aliyechelewa kuwasha moto.