Barua ya Zafarani

Mwaka ule mto uliposomba mahindi yetu yote, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki nami nikaacha chuo cha Kurani. Mwalimu wetu alikuwa amesharudi kwao Kipini na mwanawe, rafiki yangu. Nikamwandikia yule rafiki: babako atanipokea nije nisome kwenu?

Jibu lilifika Garsen kwa mtumbwi. Rafiki yangu alikuwa amekosa wino, akaandika kwa zafarani ya babake, ile ya kuandikia kombe, aya zinazooshwa kwa maji wakanyweshwa wagonjwa. Bibi aliinusa kabla sijamaliza kusoma salamu.

"Nani katufanyia kombe? Nani mgonjwa hapa?"

"Bibi, ni barua ya rafiki yangu."

"Rafiki gani anaandika kwa dawa? Wanatutakia nini hawa? Lete!"

Kuichoma aliogopa, labda ina aya. Akaiosha mtoni, maandishi yote yakaenda na maji, akanirudishia karatasi. Kisha akamkataza mwenye mtumbwi kutuletea nyingine.

Leo mkaza mwanangu akitia zafarani kwenye pilau, mimi natoka nje. Kusoma sikusoma. Nina nyumba ya mawe Minjila, duka, ng'ombe, shamba la ndizi na mashine ya maji, na hakuna aliyenipa. Na karatasi ile ninayo. Ina unjano kidogo, haina neno.