Aliyejifuta Poda Mbele Yetu

Habari ilinikuta sokoni hapa Bariadi nikichagua mchele: mama wa saluni amefariki, kesho anazikwa kwao Nkoma. Niliuacha mchele wa watu kwenye beseni nikakaa juu ya gunia, na muuzaji akadhani bei imenishinda. Wasomaji mlionizoea kwa maneno makali mtanivumilia. Leo nina shukrani tu, na ninazitoa nikiwa nimechelewa.

Vijana hawawezi kuelewa tulikotoka. Kulikuwa na miaka ambayo mgeni akipewa kipande kizima cha sabuni ya kuogea, alijua anaheshimiwa. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, na minada yetu iliyozoea majembe na chumvi ikajaa poda, wanja, rangi za mdomo na makopo ya krimu yenye picha za wanawake weupe wasiofanana na mtu yeyote tuliyemjua. Ndipo yeye alipofungua saluni yake, chumba kimoja chenye kioo kikubwa kuliko dirisha. Hakuwahi kuonekana bila poda, asubuhi wala jioni. Wanaume walimsalimia mara mbili na wanawake tulimsema mara tatu. Tulisema anaringa.

Sisi Wasukuma tuna jambo letu, na tuseme ukweli: binti mweupe huvuta ng'ombe wengi. Ng'ombe hao hawakai sana zizini kwa baba, kwa sababu ndio kaka yake atakaowatoa mahari aoe mke. Kwa hiyo nilipochumbiwa, weusi wangu ukawa shauri la ukoo mzima. Wiki chache kabla ya wageni kuja kupatana mahari, shangazi alinunua kopo la krimu mnadani Mwandoya, akanishika mkono hadi saluni.

"Mwadila, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma, kama mtu anavyomwamkia mama. "Nimekuletea huyu. Mpake hii mpaka ang'ae. Wakwe wanakuja, na kaka yake anasubiri kuoa."

Mama wa saluni alilifungua kopo, akalinusa, akamrudishia. "Nywele nitamsuka. Poda nitampaka. Hii sipaki."

"Kwani ni ya kwako? Tumenunua wenyewe!"

Hakubishana. Alichovya kitambaa kwenye maji akajifuta uso mbele yetu, shavu moja, kisha la pili. Chini ya poda ngozi ilikuwa imeungua, mabaka meusi yametanda kutoka chini ya macho hadi tayani. Nilitaka kuangalia pembeni, nikashindwa.

"Na mimi nilipakwa na shangazi," alisema. "Nikaolewa mweupe. Msimu wa kwanza wa kupalilia pamba, jua likanibandua. Wakwe wakasema wamedanganywa, wakanirudisha nyumbani, wakadai ng'ombe wao. Na ng'ombe baba alishawatoa, kaka yangu ameshaoa, mke wake ana mimba. Ikabidi ng'ombe wadaiwe kwa wakwe zake, na ndoa ya kaka ikavunjika kwa sababu ya mashavu yangu, mayu. Hajanisemesha mpaka leo."

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kukosa jibu. Akasema, "Labda wewe ulipaka nyingi mno." Lakini alisema polepole, na kopo akalitia kwenye kapu. Sikuliona tena.

Siku ya wageni, mama wa saluni alikuja nyumbani mwenyewe. Alinisuka, akanipaka mafuta ya kawaida, akanambia nikae wima. Ujanja wa krimu na poda ulikwisha kujulikana, hivyo mama mmoja wa upande wa kiume alilowesha kidole akanisugua shavu. Kidole kikatoka safi. Ng'ombe walikuja wachache kuliko alivyoota shangazi, na kaka yangu alisubiri hadi mavuno mengine ya pamba ndipo akaoa. Alinuna sana, kisha akazoea. Ila ng'ombe wale hakuna aliyewahi kurudi kuwadai.

Nisimfanye adui wa urembo, atanicheka huko aliko. Poda ilimlisha, na alipenda kupamba watu. "Vaa poda kama kitenge," alizoea kuwaambia wateja. "Jioni unavua, unalala. Usichoweza kukivua usikivae." Nimeyafikiria sana maneno hayo siku hizi, nikimwona dada wa mapokezi anaulizwa kama anaumwa kwa sababu tu ameingia kazini bila rangi usoni, au bibi harusi anayepakwa mpaka mama yake anamtafuta. Ruksa ya kununua poda imegeuka taratibu kuwa amri ya kuipaka, na anayeamriwa ni mwanamke peke yake. Wanaume wa ofisi ileile huja na nyuso walizoamka nazo, na hakuna anayewauliza.

Mwaka jana walikuja watu kwangu kumposa binti yangu. Mzee mmoja wao akauliza kwa sauti, "Binti mwenyewe ni mweupe, au maji ya kunde?" Nilikuwa jikoni, mahali pa mama siku kama hiyo. Nilitoka na unga mikononi. "Baba," nilimwambia, "ng'ombe ndio mtutajie rangi zao, maana tutawachunga. Mwanangu hamji kumchunga." Kisha mzee akacheka, mazungumzo yakaendelea, na rangi haikutajwa tena. Binti yangu alikuwa amepaka midomo nyekundu ya kuwaka, kwa kupenda mwenyewe.

Ujasiri ule sikuzaliwa nao. Mtu akikuonyesha kovu lake ili lisije likawa lako, amekupa mali isiyoingia zizini, na ni wajibu wako kuwapa wengine. Mama wa saluni aliuficha uso wake mji mzima usiuone, akaufunua kwa ajili ya msichana aliyeletwa kwa kuburutwa mkono. Wabeja, mayu; asante, mama. Uso ninaozeeka nao ni wangu.