Siku Niliyorusha Ndege Nanyuki kwa Mdomo

Mkinicheka nitawasamehe, maana hata mimi nikikumbuka ile Jumamosi nikiwa peke yangu bafuni huwa najifunika uso na taulo. Nanyuki nzima walinisikia nikilia. Sisemi waliniona, nasema walinisikia, na hiyo ni mbaya zaidi, kama mtakavyoona.

Miaka hiyo nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba moja, duka la intaneti, Nyeri mjini, wakati ule kompyuta bado zilikuwa na tumbo kubwa nyuma kama friji. Wateja wakiisha jioni, vijana wenzangu walikuwa wanacheza gemu za magari, zile ambazo unagonga ukuta, unagonga ng'ombe, unagonga polisi, na gari linaendelea tu kama halijasikia kitu. Mimi nilizidharau sana. Gemu ambayo haikuadhibu, niliwaambia, ni ya watoto wa nasari. Yangu ilikuwa ya kurusha ndege, na haikuwa na huruma hata kidogo: usipoangalia mafuta unaanguka, ukisahau upepo unatoka wapi unaanguka, ukiinua pua ya ndege haraka kwa sababu una kiherehere, unaanguka. Nilianguka miezi mitatu kabla ya kutua mara ya kwanza, na siku niliyotua nilisimama juu ya kiti nikapiga makofi peke yangu. Baadaye nikaanza kujiwekea mvua, ukungu, injini moja imekufa, na bado natua. Kidogo kidogo nikaanza kujiona rubani ambaye amekosa karatasi tu.

Sasa, binamu yangu Wachira alikuwa rubani wa kweli. Alikuwa anabeba watalii kwa ndege ndogo kutoka Nanyuki, na alipopandishwa cheo bosi wake alimruhusu azungushe watu wa familia kidogo hewani. Wachira akasema wa kwanza lazima awe Cucu, yaani nyanya yetu sisi wawili, mama ya mama zetu. Cucu alikuwa hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko lori ya kahawa. Akakataa.

"Na Wachira akishikwa na usingizi huko juu?" akauliza.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Ningenyamaza, leo ningekuwa mtu wa heshima.

"Cucu, usijali," nikasema. "Hata Wachira akizimia, mimi nitaileta chini."

"Wewe? Utaleta na nini?"

"Na hii mikono. Mimi narusha kila siku."

Nilimaanisha kwa kompyuta, na nilidhani Cucu ameelewa. Cucu hakuelewa hivyo. Cucu alienda kanisani akawaambia akina mama kwamba ako na wajukuu wawili marubani, mmoja wa mchana na mwingine wa jioni, na mwenyekiti wa akina mama, Mama Njoki (mama mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti), akasimama mbele ya watu wote akamshukuru Mungu kwa ajili yetu. Nilikuwa nimekaa pale kwa benchi. Ningesimama niseme, jamani, mimi ni wa saiba. Lakini watu walikuwa wamegeuka kunitazama na macho mazuri sana, nikajikuta nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, kama rubani.

Jumamosi ya kuruka ikafika, na Cucu hakuja peke yake. Alikuja na akina mama wa kanisa, gari zima, wamevaa vitambaa vyao vya kichwa, na Mama Njoki amebeba chai kwa thamosi mbili. Pale uwanja wa ndege wa Nanyuki kulikuwa na ofisi ndogo ya mabati yenye redio ya kuongea na marubani, na akina mama wakatandika leso nje ya dirisha lake, kwenye nyasi, wakaanza kumimina chai.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kazi. Nikaizunguka ndege. Nikapiga teke gurudumu. Nikapitisha mkono chini ya bawa, nikakunja uso, nikatingisha kichwa, nikawaeleza akina mama upepo wa mlima unavyoshuka na kile rubani mzuri anachofanya ukishuka. Mama Njoki akasema, "Ngai, Mungu wangu, huyu kijana amesoma." Wachira alikuwa amesimama pembeni anauma midomo asicheke.

"Basi Kapteni Kimani," akaniambia, "wewe utakaa mbele na mimi."

Cucu akapanda nyuma, akafungwa mkanda, akashika mkoba wake. Nikavalishwa zile hedifoni. Mbele yangu kulikuwa na usukani wa pili, na zile saa zote za vipimo nilikuwa nazijua moja moja, hata nikaanza kuzitaja kwa sauti. Nilikuwa na raha, wacha tu.

Halafu injini ikawaka.

Kuna vitu ambavyo ile gemu yangu, pamoja na ukali wake wote, haikuwa imeniambia. Haikuniambia kwamba kiti kitatetemeka mpaka meno yagongane, wala kwamba kutakuwa na harufu ya petroli na joto, na kwamba ardhi ikiachana na magurudumu tumbo lako linabaki chini linakuaga. Tulipanda. Mlima ulikuwa upande mmoja, mkubwa, karibu sana, haukufanana kabisa na kile kipembe cha kijivu cha kwenye skrini. Wachira, kwa roho safi, akaniambia, "Shika usukani kidogo uhisi. Polepole, kama yai."

Nikashika. Wakati huohuo upepo wa mlima ukatushukia na ndege ikadondoka, si sana, Wachira anasema ni kama shimo la barabara, lakini mimi nilijua tumekwisha. Nikaukamata ule usukani kwa vidole vyote kumi, na nikapiga nduru.

"Wachira! Tunaanguka! Inua! Inua! Mami! Mamiii!"

Wachira akawa ananiashiria kitu, anaonyesha mkono wangu. Mimi nikadhani ananionyesha bawa limetoka. Nikafumba macho nikaanza kuomba. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kikuyu, nikamwambia Mungu kwamba nikifika chini nitaacha gemu, nitaamka mapema, nitaimba kwaya mpaka nizeeke, na kama hiyo haitoshi nitafagia kanisa.

Nyuma yangu nikasikia kidole kinanigonga bega. Nilikuwa na hakika Cucu anataka tuagane.

"Kimani," akasema kwa sauti kubwa juu ya injini, "ile nyumba ya mabati nyekundu ni ya nani?"

Wachira alilazimika kunibandua vidole kimoja kimoja. Kumbe pale kwenye usukani kuna kitufe, na ukikibonyeza unaongea na redio, na mimi nilikuwa nimekibana tangu "Wachira tunaanguka" mpaka "nitafagia kanisa." Aliponitoa, ikaja kwenye hedifoni sauti ya mwanamume kutoka ile ofisi ya mabati, ya upole kabisa:

"Huyo anayeomba, amemaliza? Kuna ndege mbili hapa zinangoja kutua."

Wachira alikuwa analia kwa kicheko, na mimi nikamwomba tafadhali acheke akitazama mbele.

Tulitua salama. Cucu ndiye aliyenishika mkono akaniteremsha, mama mzee huyo, huku akiniambia, "Pole pole, kanyaga hapo." Akina mama walikuwa wamesimama wote. Kumbuka walikuwa wamekaa chini ya dirisha la redio. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Mama Njoki akanijia na kikombe cha chai, akanishika bega.

"Tulisema amina kwa kila kitu ulichoomba," akaniambia. "Hata ile ya kwaya. Mazoezi ni Alhamisi."

Nilienda Alhamisi hiyo. Ungekataaje? Waliniweka mstari wa nyuma, kando ya dirisha, na mwalimu wa kwaya akaniomba niwe nafungua mdomo bila kutoa sauti kwenye nyimbo ngumu. Kufagia nafagia vizuri.

Gemu sikuiacha moja kwa moja, Mungu anisamehe hiyo moja. Nilirudi saiba Jumatatu nikajiwekea dhoruba, injini moja, ukungu mpaka chini, nikatua laini kama manyoya ya kuku, na vijana wakapiga makofi. Nilipotazama chini, chai niliyokuwa nimeweka kando ya kibodi haikuwa imemwagika hata tone. Nikaona aibu upya, peke yangu.

Sasa hivi mtu akiniuliza najua nini kuhusu ndege, namwambia najua huwa zinapita juu ya Ruring'u, hapa kwetu Nyeri. Na nikienda Nanyuki, mlima nautazama nikiwa nimesimama chini, mdomo umefungwa, mikono iko mfukoni.