Faili Iliyomshusha Mikayi

Wataalamu wanatuambia wametunga fomati moja ya faili ambayo kompyuta zote zitaisoma sawasawa. Waje Homa Bay.

Juzi kwenye saiba, mama mmoja alileta faili ya ratiba ya mazishi ya mumewe, iliyotayarishwa kwenye saiba ya mji wa Awendo. Faili ikafunguka picha ya mke wa pili ikiwa juu ya yake.

"Nani amenishusha? Mimi ndiye mikayi, mke wa kwanza!"

"Pole, mama. Hii kompyuta imepanga tofauti na ile ya Awendo," mhudumu akasema.

"Ilimuuliza nani?"

Mhudumu akaivuta picha ya mikayi juu. Marehemu mwenyewe akaruka hadi ukurasa wa mwisho. Mhudumu akataka kumrudisha. Mama akamshika mkono.

"Huyo mwache huko. Hata akiwa hai hakuwa anakaa nyumbani."