Binti Aliyezipandisha Molekuli Mori

Kitindamimba wangu alikuwa fundi wa leza, nami niliwaambia majirani kwamba anafuga radi ndani ya chupa. Yeye alinieleza kwa upole: "Mama, molekuli ni vitu vidogo visivyoonekana. Tukizimulika kwa leza zinapanda mori, halafu zikipoa zinatema mwanga wao. Kwa rangi ya mwanga huo tunazijua tabia."

"Marehemu baba yako naye alikuwa hivyo hivyo," nikamjibu, "ila yeye alitema matusi."

Kazini walivaa miwani ya kuzuia mwali wa leza. Shida ni kwamba miwani hiyo hiyo inauficha mwali, na anayetaka kuunyoosha upite katikati ya chupa ya mvuke wenye molekuli hizo hauoni. Siku moja binti yangu akaivua, kidogo tu. Mwali ukagonga bisibisi aliyoishika, ukaruka, ukamchoma jicho lililokuwa zima, maana la pili surua ilishaliharibu utotoni.

Sasa anaona kandokando tu. Katikati pana doa jeusi. Jana aliketi mbele yangu mezani, akawa analitazama sikio langu ili auone uso.

"Tulia, mama, nakutafuta."

"Pua yote hii, mwanangu? Hata popo angeipata!"

Akacheka, kisha akalihamia sikio langu la pili.

"Uso wako umeniponyoka, mama. Umezeeka?"

"Thubutu! Bado naposwa."

Machozi yalikuwa yakinidondoka kwenye chai, na hayo nayo hakuyaona.