Solo ya Ghalibu Kule Igunga

Ghalibu anauza vipuri vya pikipiki karibu na soko la Tabora, katika duka aliloachiwa na baba yake. Lakini ukimuuliza kazi yake, atakwambia ni mpiga gitaa. Duka, anasema, lipo ili mkewe Tufaha alale usingizi.

Kwa miaka mingi amepiga solo katika bendi ya maharusi, na kando yake amesimama Justus, mfanyakazi wa reli kutoka Tura, akipiga ridhimu. Walikuwa wakitumia amplifaya moja kubwa, iliyobebwa na watu wawili na kulalamikiwa na bendi nzima. Siku ilipoungua hakuna aliyeililia sana, kwa kuwa habari za visanduku vya kidijitali zilikuwa zimeshafika mjini. Kisanduku chenyewe hakizidi sinia dogo. Unachomeka gitaa upande huu, spika upande ule, nacho kinaiga sauti ya amplifaya yoyote unayoitaka, ya zamani au ya juzi.

Hapo ndipo urafiki wao ulipoingia mchanga. Ghalibu aliagiza kutoka Dar es Salaam kisanduku chenye skrini ya kugusa kama simu, na ndani yake amplifaya nyingi kuliko wapiga gitaa wa mkoa mzima. Justus akanunua cha kampuni nyingine inayoshindana na hiyo, chenye vifundo sita vya kuzungusha na basi.

"Hicho chako ni redio," Ghalibu alimwambia siku ya kwanza ya mazoezi.

"Na hicho chako ni ofisi," akajibu Justus. "Kupata sauti moja tu unapita madirisha mangapi?"

Kusema kweli yalikuwa mengi. Ghalibu alishinda dukani akitengeneza sauti na kuzipa majina ya mahali: Choma ile kavu, Tura ile yenye kutetemeka, Igunga ile ya mwangwi mrefu. Mteja aliyekuja kuulizia cheni alisubirishwa mpaka mwangwi uishe. Kisha kampuni ikatoa toleo jipya la programu, menyu zote zikahama, na Ghalibu akahangaika wiki nzima akiitafuta Igunga.

"Baba Murtadha," Tufaha akamwambia kwa upole, "si upande basi tu?"

Na kweli alipanda, maana bendi ilialikwa huko kwenye harusi ya Adinani, mfanyabiashara wa mpunga. Walipiga mchana, uwanjani, jua likiwaka juu ya skrini mpaka Ghalibu asione humo chochote zaidi ya uso wake mwenyewe. Kisanduku chake kina kitufe cha kukanyaga kwa mguu. Ukikigusa kidogo, kinabadilisha sauti. Ukikikandamiza kwa muda, kinafungua sehemu ya kulinganisha nyuzi na kukata sauti kabisa, ili watu wasisikie mpigaji akikaza nyuzi zake. Aliyebuni jambo hilo alikuwa na nia njema, ila hakuwahi kupiga harusi akiwa amevaa viatu vipya.

Ilipofika zamu ya solo, Ghalibu alikikandamiza kitufe, akafumba macho na kuanza. Solo ikatoka vizuri ajabu, laini, kila noti imetulia mahali pake. Akajisikia kijana. Kwa furaha akaamua kuongeza kionjo ambacho hajawahi kukipiga, akapanda juu kabisa kwenye shingo ya gitaa.

Spika hazikupanda naye. Ziliendelea na solo ile ile ya kila siku.

Akafumbua macho. Justus alikuwa ameacha ridhimu, ameinamia gitaa lake, anapiga solo ya Ghalibu noti kwa noti, huku akitazama turubai la hema la wageni kana kwamba hayamhusu. Ghalibu angefanya nini mbele ya wageni wote wale? Aliendelea kuchezesha vidole, na pale penye uchungu akakunja uso kama kawaida yake.

Baadaye mzee Majidi, mjomba wa bwana harusi, alikuja kumshika mkono. "Fundi, nimesikia magitaa mengi. Hicho chombo chako kinalia."

Ghalibu akamtazama Justus, aliyekuwa anakunja waya. "Alhamdulillah," akasema, na neno lenyewe halikuwa uongo.

Njiani kurudi, walipoikaribia Nzega, Ghalibu akamuuliza Justus. "Umejifunza lini?"

"Nimesimama kando yako miaka yote hii. Ulidhani nasikiliza nini?"

Ghalibu akageukia dirisha. Alikuwa ameandaa maneno makali, na sasa hayakumtoka. Nyumbani kwake hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza hivyo.

"Ila pale mwishoni huwa unakimbiakimbia," Justus akaongeza. "Ndiyo maana leo imependeza."

Yale makali yakarudi, na yakamfikisha Tabora.

Mazoezi yaliyofuata, Ghalibu aliuliza, kama mtu anayeuliza saa, kama anaweza kuvijaribu vile vifundo sita. Justus naye alikuwa amekuja na ombi lake: aiguse skrini mara moja tu. Wakabadilishana. Kisanduku cha Justus kikaanza kupiga mluzi, na kila kifundo alichozungusha Ghalibu kiliuzidisha. Shamila, mwimbaji wao, akaimba wimbo mzima kwa ngoma na besi peke yake, akakaa, akafungua soda.

"Magitaa mmekuja leo?" akauliza.

"Nimefika kwenye lugha," alisema Justus bila kuinua uso. Akaigusa skrini tena. "Sheikh, njoo. Sasa hivi kinaongea Kijapani."