Sura ya Jovitha kwenye Mfuko wa Pampasi

Mama Jovi, jina lake la ubatizo Candida, anauza pampasi kwa jumla Kariakoo. Kwao ni Rombo, lakini nusu ya umri wake imeishia kwenye fremu ile ile ya duka, amekalia katoni, kalamu sikioni, anaita wateja kwa majina ya wilaya zao. "Rufiji, njoo! Kilosa, mzigo wako umeshafungwa!"

Alipoenda China mara ya kwanza, kiwandani walimuuliza mfuko uwe na picha gani. Akafungua pochi, akatoa picha ya bintiye Jovitha akiwa na miezi tisa, meno mawili, anacheka. Basi ikawa hiyo. Miaka ikapita, na wateja wa mikoani wakazoea kusema, "Nipe zile za Jovi." Nani asome maandishi wakati sura ipo?

Shida ni kwamba sura ina mwenyewe, na mwenyewe sasa ana miaka ishirini na miwili. Chuoni wavulana walimsalimia, "Vipi Pampasi, leo umelowa?" Mwaka wa kwanza alicheka nao. Mwaka wa tatu alikuwa anazunguka jengo zima ili asipite mbele yao. Alipomaliza, baba yake, Heriel, akasema tumpongeze mtoto kwa safari, na Jovitha akasema yeye zawadi yake anaijua: mzigo mpya uje bila sura yake.

"Biashara haiendeshwi kwa aibu, mwanangu," mama akajibu. "Sura hiyo ndiyo iliyokusomesha."

Kiwanda kilitaka jibu kuhusu mifuko kabla ya Ijumaa kuisha. Wao waliondoka Jumamosi iliyotangulia kwa gari la Heriel, Noah, mwezi wa saba, hali ya hewa safi kabisa. Jovitha alikuwa na siku sita za kumbembeleza mama yake.

Walianzia kwenye maporomoko ya Uluguru. Nawaambia, maji yale yanashuka meupe kama pazia, na chini yake kuna kidimbwi. Mama Jovi akavua viatu. Baridi ile ikamkumbusha Rombo, akafumba macho, akaingiza miguu. Kitu laini kikamgusa kifundo. Akadhani jani. Kikamganda. Akafumbua macho: pampasi, imevimba ukubwa wa mkate, imepasuka ubavuni, inatoa ute kama uji uliochacha, na katikati rangi ambayo mama yeyote anaijua.

Alipiga ukelele uliozidi maporomoko. Kwenye jiwe la jirani mfuko ulikuwa umenasa, na Jovi wa miezi tisa alikuwa anacheka.

"Kumbe tuna tawi hadi huku!" Heriel akasema. Hakuna aliyecheka.

Siku iliyofuata walilala Tanga mjini. Hoteli safi, shuka zinanukia sabuni, lakini Mama Jovi aliusugua mguu mmoja mpaka ukawa mwekundu, akalala na soksi. Chakula aliletewa cha pwani, cha nazi, akakisogeza. Kila kilichokuwa cheupe na kizito kilimrudisha kidimbwini.

Ufukweni Pangani wakakuta maji yamekupwa. Kwenye mchanga bahari ilikuwa imeacha mstari mrefu wa takataka, pampasi juu ya pampasi, zimekauka kwa nje na mbichi ndani, kaa wadogo wanaingia na kutoka. Harufu yake, nisiwaharibie mlo wenu. Mama Jovi aliziba pua kwa kanga. Jovitha alikuwa ametangulia, na kila alipofikia mfuko wa Jovi aliugeuza kwa ncha ya kandambili.

"Unafanya nini wewe?"

"Najilaza kifudifudi, mama. Wapita njia wasinione."

Mama akageuza hasira kwa wengine. "Watu wachafu! Unamuuzia mtu kitu kisafi, kimefungwa vizuri, anakwenda kukimwaga baharini. Hawana mashimo hawa? Hawana kiberiti?" Alisema hivyo njia nzima ya kurudi kusini, wakapita Dar bila kushuka nyumbani, mpaka Utete, huko Rufiji. Jovitha alipouliza kuhusu sura alijibiwa, "Uchafu ni wa watu. Sura haina kosa."

Ijumaa asubuhi wakapanda mtumbwi kwenda kwenye kisiwa katikati ya Mto Rufiji, kwa mama aitwaye Mgeni, mteja wa Mama Jovi wa miaka mingi, ambaye dukani huitwa "Rufiji". Mgeni alifurahi mpaka akapiga vigelegele. "Jamani, Jovi mwenyewe huyu! Shikamoo yako iko wapi, mwanangu?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba! Meno yameongezeka!"

Akatandika mkeka, akaleta sinia la wali na kambale. Mjukuu wake alikuwa analia ndani. Mgeni akaingia, akambadilisha, akatoka na pampasi iliyojaa, ameirudisha ndani ya mfuko wa Jovi, akaenda ukingoni, akarusha. Ikaelea. Akanawa mikono papo hapo, kwenye maji yale yale, mtungi wa maji ya kupikia uko hatua tatu pembeni, akarudi anajifuta kwenye kanga.

"Karibuni, mle, kisipoe."

Mama Jovi akaangalia wali. "Rufiji, dada yangu, si ungechoma tu?"

"Weee! Nichome, mjukuu wangu ababuke makalio? Si wewe uliyenikataza?"

"Mimi?"

"Pale dukani. Watoto wetu walitoka vipele, tukakuletea zilizobaki. Ukatuuliza, 'Mlizichoma zilizotumika?' Tukasema ndiyo. Ukasema, 'Basi ndiyo maana. Mkichoma, moto unamfuata mtoto. Pelekeni penye maji ya baridi.' Nimewaambia kisiwa kizima."

Heriel akaacha kutafuna. Mama Jovi alikumbuka vizuri. Mzigo wake wa kwanza ulikuwa mbovu, vipele vilitokana na pampasi zenyewe, na yeye alitaka tu wale wanawake waondoke mbele ya wateja wengine. Neno la moto alilisikia mtaani, akalitumia. Mwaka ule alilitumia kwa Kilosa, kwa Pangani, kwa kila aliyerudi analalamika.

Aliinuka, akafika nyuma ya mgomba, akatapika mpaka akabaki anakohoa maji matupu. Jovitha alimshika paji la uso.

Aliporudi mkekani alikaa mbele ya Mgeni. "Nilikudanganya, dada. Mzigo wangu ulikuwa mbaya. Moto haumfanyi mtoto kitu."

"Miaka yote hii?"

"Yote."

Mgeni akautazama mto. Wajukuu wengine wawili walikuwa wanachota. Akavuta sinia, akalifunika kwa kawa, akasema kwa sauti ya chini, "Haya, wageni wangu, mtumbwi unawasubiri."

Ndani ya mtumbwi Mama Jovi alimwandikia wakala wa kiwanda: picha itolewe, waandike kwa herufi kubwa CHIMBA, FUKIA, USITUPE MAJINI. Akampa Jovitha simu asome. Jovitha akasoma, akarudisha, akageukia upande wa pili. Alichokiomba amekipata, lakini shukrani haikumtoka.

Mifuko mipya imeshafika, myeupe, na wateja wanainung'unikia. Kila mmoja Mama Jovi anamsimamisha na kumwambia uongo wake wa zamani, mbele za watu. Wengine wanamcheka, wengine wanahamia duka la jirani. Mgeni hajaja tena Kariakoo, wala simu hapokei.